Rele iko tayari, kinachokosa ni karatasi

Kuanzia tarehe 14 hadi 17 mwezi wa kumi na mbili 2009, waasi wa LRA walipita katika vijiji vya eneo la Makombo, huko Haut-Uele, wakiua na kuteka. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 321 waliouawa na wengine 250 waliotekwa. Ripoti hiyo ilitolewa mwisho wa mwezi wa tatu 2010. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: tangu kabla ya Noeli mpaka karibu na Pasaka, dunia ilikuwa bado haijajua ukubwa wa mauaji yale. Waliopona walisema, ndiyo. Walimwambia padri, walimwambia shefu, walimwambia mwenye kinga aliyepita. Lakini simu haikuwapo, barabara haikuwapo, na neno likitembea kwa miguu huchoka njiani.

Baada ya hapo, Tume ya Haki na Amani ya jimbo katoliki la Dungu-Doruma pamoja na shirika la Invisible Children waliweka redio za mawimbi mafupi katika vijiji. Kila siku, kwa saa zilizopangwa, kila kijiji kiliitwa kwa zamu na kujibu: tuko salama, au hatuko. Haikumaliza vita. Lakini kijiji kilichonyamaza kilijulikana siku ileile kwamba kimenyamaza.

Tumeanzia mbali kwa sababu jambo la leo linaweza kuonekana dogo, kama mchezo wa vijana wanaopenda waya. Ni habari ya sanduku moja la chuma juu ya kilima kimoja, upande wa Lubero. Jina la kilima hatutalitaja: shaba ya waya ikitangazwa gazetini haimalizi wiki.

Mwandishi wa mistari hii alipanda huko wakati wa kiangazi, pamoja na vijana wawili wanaotengeneza simu sokoni Butembo na mzee mmoja ambaye wao humwita Papa Phonie. Njia ni saa mbili na nusu kwa miguu kutoka mahali pikipiki inaposhindwa. Juu kuna mlingoti ulioachwa na shirika moja la misaada lililofunga milango yake miaka mingi iliyopita, na kando yake kibanda cha mabati. Ndani tulikuta kiota cha panya, batri nne zilizovimba kama mimba, na lile sanduku. Kijana mmoja alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akaunganisha batri ya pikipiki aliyoibeba mgongoni. Taa ndogo ya kijani ikawaka. "Papa, hii ingali hai," akasema. Mzee hakujibu. Alivua kofia.

Sanduku lile ni rele. Tueleze, kwani wengi wetu tumeona milingoti maisha yetu yote bila kujua inafanya nini. Redio ya mkononi (huku kwetu kila redio ya mkononi inaitwa motorola, hata ikitoka Uchina) hutuma mawimbi yanayokwenda moja kwa moja kama jicho linavyoona. Kilima kikiwa katikati, hamsikilizani, hata kama unaweza kuona moshi wa jiko la mwenzako. Katika nchi ya milima kama yetu, motorola mbili bila rele zinafika kilometa chache tu. Weka rele juu ya kilima kinachoonekana na mabonde yote mawili: inasikia sauti dhaifu kwenye mawimbi fulani, na nukta ileile inaisema tena kwa nguvu kwenye mawimbi mengine yaliyo jirani. Mtu wa bonde la huku anaongea na mtu wa bonde la kule, na kati yao hakuna kampuni, hakuna mega, hakuna uniti.

Na wanaotumia mawimbi hayo bila biashara, kwa kujifunza na kwa kusaidia, dunia nzima inawaita waradioamatere. Wanapimwa ujuzi, wanapewa ruhusa na serikali, na kila mmoja anapewa alama yake ya kuitwa. Kongo yetu imegawiwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano alama zinazoanza na 9O mpaka 9T, na waradioamatere wa Kongo wamejulikana zaidi kwa 9Q. Mtu wa Japani au Brazili akisikia 9Q hewani, anaacha chakula.

Wenye miaka zaidi ya arobaini wanakumbuka phonie. Kabla ya simu za mkononi kuenea huku mwanzoni mwa miaka ya 2000, phonie ndiyo ilikuwa simu ya maskini. Ulikwenda parokiani au kwa mfanyabiashara, ulipanga foleni, ulilipa, ukaketi mbele ya kipaza sauti na kumwita shemeji yako wa Kindu au Shabunda. Foleni yote ilisikia habari za msiba wako, deni lako na mahari ya binti yako, kwani kila baada ya sentensi ulipaswa kusema "à vous" na kungoja. Papa Phonie alifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Anasema alijua siri za teritwari nzima na hakutoa hata moja. Tumwamini, tumsiamini, hatujui. Lakini sauti yake hewani bado ni ya mtu aliyezoea kuongea polepole ili anayeandika upande wa pili asikose herufi.

Sasa vijana wale hawakutaka tu kuamsha rele ya zamani. Wanataka kuipandisha, iwe ya kidijitali. Hapo ndipo tulipoanza kubishana, na hapo ndipo pana mambo ambayo msomaji anapaswa kujua kabla ya kutoa mfuko au muhuri.

Mfumo waliouchagua unaitwa DMR. Ni kanuni iliyotolewa mwaka 2005 na taasisi ya Ulaya ya kanuni za mawasiliano, ETSI, kwanza kwa ajili ya makampuni na vikosi vya usalama, kisha waradioamatere wakaichukua. Uzuri wake ni huu: sauti inageuzwa kuwa tarakimu, na njia moja ya mawimbi inakatwa vipande vya muda, kila kimoja milisekunde 30, kwa zamu mbili. Mazungumzo mawili tofauti yanapita katika rele moja, wakati uleule, bila kukanyagana. Wauguzi wa kituo cha afya wanaweza kuwa na zamu yao na watu wa barabara zamu yao. Tena, kwa kuwa redio ya mkononi inatuma nusu tu ya muda, batri yake inakaa zaidi. Na kila anayeishi mahali ambapo kuchaji simu ni biashara ya mtu mwenye jenereta anajua maana yake.

Na kila redio ya DMR ya waradioamatere ina namba yake ya tarakimu saba, ambayo huanza na namba ya nchi. Ya kwetu ni 630, ileile iliyo ndani ya kadi zetu za simu. Ukibonyeza kuongea, namba yako inatoka pamoja na sauti yako. Tutarudi kwenye hilo, kwani ndilo jibu la nusu ya hofu za wakubwa.

Kugeuza rele ya zamani si kununua mpya. Vijana walitumia programu ya MMDVM, iliyoandikwa na Mwingereza Jonathan Naylor na ambayo kila mtu anaweza kuichukua bure, pamoja na kibao kidogo cha elektroniki na kompyuta ya ukubwa wa kiganja. Vinaungwa nyuma ya redio ya zamani, na radio ya zamani inajifunza lugha mpya. Hiyo ndiyo sehemu rahisi, na ndiyo ambayo kila kijana anapenda kuieleza.

Sehemu ngumu ni makopo. Kumbuka: rele inasikia na kusema kwa wakati mmoja, kwa antena moja. Inapaswa kusikia mnong'ono wa mtu aliye kilometa 30 huku yenyewe ikipiga kelele kando ya sikio lake. Kinachozuia isijizibe masikio ni makopo marefu ya chuma, yaliyopimwa kwa uangalifu ili kila wimbi lipite mlango wake. Kwa waradioamatere wa upande wetu wa dunia, kati ya wimbi la kusikia na wimbi la kusema kwenye bendi ya megaherzi 145 kuna kiloherzi 600 tu. Makopo ya lile shirika yalikuwa yamepimwa kwa mawimbi mengine kabisa. Zamani kuyapima upya kulihitaji chombo cha bei ya gari. Leo kuna chombo cha Kichina kinachoingia mfukoni. Walikaa nacho Jumapili tatu katika nyumba ya mmoja wao, wakizungusha misumari kwa robo ya mzunguko, mama wa nyumba akiuliza lini watarudisha meza yake.

Waya wa antena nao ulikuwa umekunywa maji. Ukiukata, ndani shaba ilikuwa imegeuka kijani. Huo ulitupwa, na wakanunua mwingine kwa michango.

Halafu kuna radi, na hapa tuombe radhi kwa kukaa kidogo, kwani hakuna anayelipenda jambo la kuzika waya ardhini mpaka siku ya kwanza ya mvua. Utafiti wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 uliweka Kabare, Kivu ya Kusini, kuwa mahali pa kwanza Afrika na pa pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa kila kilometa mraba moja kwa mwaka. Hatuko mbali na Kabare. Mlingoti juu ya kilima ni mwaliko. Mtu akikuambia ataweka rele mlimani katika Kivu kwa pesa hizi na hizi, muulize kwanza amehesabu mita ngapi za shaba ya kuzika. Asipokuwa na jibu, mrudishe nyumbani.

Mabishano yetu na vijana yalikuwa mahali pengine. Redio ya zamani, ya analogi, ikidhoofika inakoroma: sauti inajaa mchanga, lakini sikio la mtu aliyezoea linachomoa neno. Papa Phonie anaweza kusikia jina la kijiji ndani ya kelele ambayo mimi nasikia mvua tu. Ya kidijitali haikoromi. Ni safi, safi, safi, kisha inakatika vipande kama mtu anayezama, kisha kimya. Katika ajali, neno moja lenye mchanga ni bora kuliko ukimya safi.

Tena, motorola za Kichina za dola ishirini na kitu, ambazo ndizo mtu wa kawaida anaweza kununua, nyingi ni za analogi tu. Rele ikigeuzwa kuwa ya kidijitali peke yake, siku ya uzinduzi kutakuwa na hotuba na picha, na kesho yake maskini atabonyeza kitufe chake na hatajibiwa. Tunasema wazi: maendeleo yanayomfungia nje yule aliyekuwa ndani hatuyataki.

Na intaneti. Waradioamatere wa dunia wanapenda kuunganisha rele zao kwa intaneti, ili mtu wa Lubero aongee na mtu wa Ubelgiji kwa redio ya mkononi. Ni furaha kubwa, hatukatai, na wale wenye ndugu ng'ambo watakuwa wa kwanza kupanga foleni. Lakini rele inayotegemea intaneti ili ifanye kazi yake ya nyumbani ni simu tu iliyovaa nguo za redio. Usiku wa kuamkia 2019, baada ya uchaguzi, intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa nchi nzima kwa siku kama ishirini. Mwanzoni mwa 2025 wakaaji wa Goma walikaa siku kadhaa bila maji wala umeme, na kila mwenye simu alijua asilimia ya batri yake kwa kichwa. Rele yetu inapaswa kuishi siku kama zile. Ijilishe kwa jua, iunganishe mabonde yake bila kuomba ruhusa kwa waya wowote wa mbali, na intaneti iwe chumvi juu ya chakula.

Vijana walisikiliza. Programu ileile inaweza kupokea analogi na kidijitali kwa zamu: rele inasikia ni lugha gani inayokuja na inajibu kwa lugha hiyo. Wameiweka hivyo. Papa akaridhika, ingawa alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye angeanza na hilo.

Inafaa kwa nini yote haya? Turudi kwa tuliyoyaona wenyewe. Jumamosi jioni tarehe 22 mwezi wa tano 2021, watu wa Goma waliona anga imegeuka nyekundu juu ya Nyiragongo kabla hawajasikia tangazo lolote. Waliokimbia usiku ule walikimbilia kila upande, na UNICEF ilihesabu siku zilizofuata zaidi ya watoto 150 waliotengana na wazazi wao. Mtoto yuko Sake, mama yuko Gisenyi, na simu imezimika. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, katika teritwari ya Kalehe, mvua iliteremsha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Maji hayo yalianzia juu mlimani. Huko juu pia wanaishi watu, wenye macho.

Hatusemi rele ingezuia mlima. Tunasema tu kwamba mtu wa juu anayeona mto umebadilika rangi anapaswa kuwa na njia ya kumwambia wa chini isiyopitia uniti zilizokwisha.

Sasa, karatasi. Rele ya Lubero inafanya kazi. Tumeiona. Lakini haijasema neno hata moja hewani. Inajaribiwa ikiwa imeungwa kwenye kopo linalomeza nguvu ya redio na kuigeuza joto, ili kusitoke kitu nje. Vijana wanaongea nayo chumbani, inawajibu chumbani. Wamekataa kuiwasha kwa antena bila ruhusa, na katika hilo tunawapa heshima yetu yote, kwani mlingoti uko mbali na hakuna ambaye angewaona.

Barua yao ya kuomba iliandikwa kwa kufuata sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020 juu ya mawasiliano na teknolojia ya habari. Ina majina, alama za mahali, nguvu ya mtambo, mawimbi, na picha ya kibanda. Imepita ofisi tatu. Ina mihuri mitatu. Katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, waliulizwa swali ambalo kila Mkongomani wa mashariki angelitegemea: "Na hawa wenye motorola, wanamwongelesha nani?"

Tusilicheke swali hilo. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya kuzingirwa tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Katika vijiji vyetu motorola imekuwa alama ya mtu wa silaha. Kijana akikutwa nayo kwenye kizuizi, upande wowote wa kizuizi, anaweza asifike nyumbani. Mwenye mamlaka anayeogopa redio ana sababu zake, na mama anayemkataza mwanawe asiiguse ana sababu kubwa zaidi.

Lakini tuangalie vizuri nani anajificha na nani anajionyesha. Kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zinakataza waradioamatere wa nchi mbalimbali kuficha maana ya maneno yao kwa siri za namba. Mtu yeyote mwenye redio ya bei rahisi anaweza kusikiliza kila neno, askari wa kwanza. Rele ina mwenye nayo, ana jina na nyumba, na ana wajibu wa kuizima akiambiwa na sheria. Kila anayeongea kwa DMR anatoa namba yake. Muasi hahitaji yote hayo. Muasi ana simu ya satelaiti, na hakuandika barua kwa ofisi tatu.

Kanuni zilezile zinaziambia serikali zihimize waradioamatere kujiandaa kwa ajili ya majanga. Kujiandaa, yaani kabla. India ilijifunza jambo hilo kwa njia ya ajabu. Kwa miaka mingi haikuruhusu waradioamatere katika visiwa vya Andaman, kwa sababu za usalama. Mwanamke mmoja, Bharathi Prasad, alifuatilia ruhusa mpaka akaipata, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili 2004 akaanza kurusha kutoka Port Blair. Tarehe 26 ya mwezi uleule tsunami ikaja. Simu zilikatika, na redio zake za hotelini zikawa ndizo zinazobeba habari za waliopona kwenda bara. Karatasi ile ingechelewa mwezi mmoja tu, kusingekuwa na redio.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa wetu huenda hawajaambiwa. Tangu tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2018 kuna rele ya waradioamatere angani, ndani ya satelaiti ya Qatar inayoitwa Es'hail-2. Wenyewe wanaiita QO-100. Haizunguki tukaikosa. Imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki, maana yake karibu kabisa juu ya Kisangani. Inaona Afrika yote na Ulaya, na imeegemea juu ya paa letu. Mtu wa Ulaya anapaswa kulaza sahani yake kuitafuta chini kusini. Mtu wa Butembo anaigeuza sahani karibu wima kuangalia juu, na tatizo lake kubwa ni kwamba mvua inaijaza kama sufuria. Waarabu na Wajerumani walitengeneza rele wakaisimamisha juu ya msitu wetu, na sisi chini tunaulizana kama sanduku la Lubero ni hatari.

Kwa hiyo tunaomba mambo ya kawaida. ARPTC ijibu, hata kama jibu ni hapana yenye sababu, kwani hapana iliyoandikwa inaweza kujadiliwa na ukimya hauwezi. Mitihani ya waradioamatere ifanyike majimboni, kwani kijana wa Butembo hawezi kulipa ndege ya Kinshasa ili aulizwe maswali thelathini juu ya waya. Malipo yawe ya mtu asiyefanya biashara. Leo kila ofisi ina karatasi yake na kila karatasi ina bei yake, na jumla yake inaweza kupita thamani ya mtambo. Mamlaka ya kijeshi ya jimbo imtume ofisa wa mawasiliano apande kilima, saa mbili na nusu zile, akae na redio jioni nzima, asikilize anachotaka. Tutampikia. Na mashirika yanayofunga miradi yaache milingoti yao na maandishi, ufunguo na michoro ya makopo, badala ya kuiachia panya.

Kwa vijana tuna neno pia, na watalisikia vibaya. Siku rele itakapokuwa hewani, itawajia mtu wa siasa, atawajia mfanyabiashara wa kokoa anayetaka kujua bei ya Beni kabla ya wenzake, na atawajia mtu wa silaha, kwa upole, akiomba tu kujulishwa nani amepita barabarani. Wote watatu wana pesa. Redio ya waradioamatere haibebi biashara, na siku itakapobeba habari za askari wa upande wowote, kila anayeishika atakuwa amewekewa alama mgongoni. Papa Phonie anasema miaka ile ya vita walikuja kwake mara nne. Alichofanya, anasema, alitoa fyuzi na kuitia mfukoni, akawaambia mashine imekufa.

Mvua za mwezi wa tisa zimeanza. Kibanda kimezibwa matobo, panya wamehamishwa, waya wa radi umezikwa mita kumi na mbili. Pano za jua ziko juu, zinachaji batri ambazo hazina kazi. Antena yenyewe hawajaipandisha. Imelala chini ya kitanda cha mmoja wa vijana, imefungwa katika mfuko wa sima, na mke wake ameshaizoea. Barua bado inangoja muhuri wa nne.